Muulize Mwalimu: Funga daftari, kisha andika

Mfuko wa barua wa mwezi huu umejaa kidato cha nne, wala si ajabu. Matokeo ya mitihani ya utamilifu, ile ya majaribio, yametoka katika mikoa mingi na Novemba, mwezi wa mtihani wa taifa wenyewe, inakaribia. Zilizofanana nimezijumlisha, na majina nimeyaondoa kama ilivyo kawaida ya safu hii.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni msichana wa kidato cha nne, shule ya kutwa wilayani Kilosa. Nasoma sana. Nakesha mpaka saa nane usiku na alfajiri naamka tena. Madaftari nimeyarudia mpaka najua kila kitu kiko ukurasa gani. Lakini kwenye utamilifu nimepata daraja la nne, pointi 28. Nikisoma naelewa, nikishika karatasi ya maswali kichwa kinakuwa cheupe. Je, nina tatizo la akili?

Marahaba mwanangu. Akili yako nzima kabisa. Kinachokuangusha ni namna unavyosoma, na nashukuru umeniandikia sasa, hukungoja mwisho wa Oktoba.

Unapolirudia daftari mara ya tano, macho yanateleza juu ya maneno uliyokwisha kuyazoea, na moyo unakwambia hili nalijua. Ni kama mtu unayekutana naye sokoni: sura unaijua, jina hulipati. Kwenye chumba cha mtihani unatakiwa kulitoa jina, uliandike mwenyewe, huku saa inakwenda. Hilo ndilo la kulifanyia mazoezi, na ndilo ambalo hujawahi kulifanya.

Anza leo jioni. Chukua mada moja, tuseme kwenye Historia ile ya kukomeshwa kwa biashara ya utumwa. Isome kwa makini kama dakika ishirini. Kisha funga daftari, mpe mdogo wako akalifiche. Chukua karatasi tupu na swali moja lililowahi kutoka, andika jibu zima: utangulizi, hoja, maelezo ya kila hoja, hitimisho. Andika kwa Kiingereza, maana ndicho utakachoandikia Novemba. Utakwama. Ukikwama usilikimbilie daftari, vumilia dakika mbili tatu ukijiuliza, kwa sababu kule kuhangaika kutafuta jibu ndiko kunakolikaza kichwani. Ukimaliza, fungua daftari, shika kalamu nyekundu, jisahihishe kama ungemsahihisha mtoto wa mwenzio, bila huruma.

Vile ulivyovisahau ndivyo vya kusoma. Vile ulivyoviandika sawasawa viache, usipoteze mafuta ya taa juu yake. Kesho yake andika tena bila kutazama, na baada ya wiki moja rudia. Utaona mada inayofanywa hivi inachosha kuliko kusoma kurasa kumi ukiwa umejilaza. Usiogope huo uchovu, ndiyo kazi yenyewe.

Sasa tuzitazame hizo pointi 28, kwa sababu nadhani umezilia bila kuzihesabu. Matokeo yanapangwa kwa masomo saba uliyofanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. D saba ni 28 kamili. Ukizigeuza D tatu kuwa C, unakuwa na C tatu ambazo ni pointi 9, na D nne ambazo ni 16. Jumla 25, nayo ni daraja la tatu. Hizo C tatu pia ndizo krediti tatu, kiwango cha chini kabisa cha kufikiriwa kidato cha tano. C inaanzia alama 45. Kama Kiswahili ulipata 41 na Historia 39, ujue upungufu wako ni alama chache katika masomo matatu, wala si masomo yote kumi. Chagua hayo matatu leo. Mengine yasiachwe, ila hayo yapate jioni zako nzuri.

Na kukesha mpaka saa nane uache. Mambo uliyosoma hutulia kichwani ukiwa umelala. Anayelala kwa muda wa saa mbili tu usiku mzima anamwaga alichokichota. Zima taa kabla ya saa tano.

Mwalimu, shuleni kwetu Tabora kitabu cha riwaya tuna nakala mbili na sisi tupo zaidi ya sitini. Wote tunasoma uchambuzi kwenye simu. Kuna haja gani ya kusoma kitabu chenyewe ikiwa maswali ni dhamira na wahusika tu?

Haja ipo, na nitakuonyesha kwa mfano. Riwaya ya Emmanuel Mbogo, Watoto wa Mama N'tilie, imesomwa na vijana wengi kwa ajili ya mtihani huu. Tuseme swali linataka uthibitishe kwamba umaskini huvunja familia. Aliyesoma uchambuzi anaandika: "Umaskini. Mwandishi ameonyesha umaskini. Umaskini ni hali ya kukosa mahitaji muhimu. Hali hii ipo hata katika jamii yetu ya leo." Sentensi nne, na hakuna hata moja iliyohitaji kitabu kuandikwa.

Aliyekisoma anaandika: "Umaskini unawatoa watoto shuleni. Peter na Zita wanafukuzwa kwa kukosa ada na sare. Mama yao anahangaika kuuza chakula ili watu wa nyumbani wapate kula, huku baba yao, mzee Lomolomo, akiendekeza pombe." Hapo kuna watu, kuna tukio, na kuna uhusiano kati ya tukio na hoja. Msahihishaji hana sababu ya kumnyima alama.

Tena uchambuzi wa simu unafanana kwa wote. Mtu anayesahihisha maskripti mengi kwa siku akikutana na hoja zilezile, kwa maneno yaleyale, pamoja na makosa yaleyale ya tahajia, anajua zilikotoka.

Kuhusu nakala mbili: kitabu kimoja kibaki darasani. Baada ya vipindi, mtu mmoja anasoma kwa sauti, wengine mnasikiliza, nusu saa tu, msomaji anabadilishwa kila sura. Sura ikiisha, anasimama mwingine ambaye hakusoma, anasimulia kilichotokea bila kushika kitabu. Akikosea mnamsahihisha. Hapo ndipo kelele nzuri inapoanza, watu wanabishana nani alisema nini, na ubishi huo hausahauliki. Nakala ya pili ilale nyumbani kwa mtu mmoja kila usiku, kwa zamu iliyoandikwa ukutani. Uchambuzi usomeni mwisho, mkiukagua kama unasema kweli. Mtashangaa mara ngapi umekosea majina.

Kuna kundi la Telegram linauza mtihani wa Novemba. Wenzangu wamechanga elfu tano tano. Nami nichange?

Usichange. Anayejitapa hivyo anakuuzia pepa ya zamani iliyopakwa tarehe mpya, na hata ungekuwa mtihani wa kweli ungekuwa umejichimbia shimo, kwa sababu Baraza la Mitihani hufuta matokeo ya mtahiniwa aliyebainika kufanya udanganyifu. Miaka minne inapotea, na mzazi wako anabaki na aibu isiyo yake.

Elfu tano hiyo nunua bando, ingia tovuti ya Baraza. Mitihani ya miaka iliyopita ipo bure. Fomati za kila somo, yaani maelezo ya namna karatasi ya mtihani inavyopangwa, zipo bure. Kuna na kitu ambacho hata walimu wengi hawakifungui: taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, inayotolewa kwa kila somo. Humo Baraza linaeleza swali kwa swali wangapi walifanya vizuri, kwa nini wengine walikosa, na linaweka sampuli za majibu mazuri na mabaya kwa mwandiko wa watahiniwa wenyewe. Taarifa ya somo la Kiswahili imeandikwa kwa Kiswahili. Soma hiyo na mwenzio mmoja kwa jioni tatu, utajua msahihishaji anatafuta nini.

Hisabati nimeikatia tamaa. Tangu kidato cha kwanza sijawahi kuvuka alama 20. Niiache nishughulikie mengine? Kijana wa Mafinga.

Usiiache mwanangu. Najua Hisabati ndilo somo linaloangusha wengi kuliko yote, na najua unajisikiaje ukiona ubao umejaa. Lakini tazama karatasi yenyewe ilivyo. Ina maswali 14. Kumi ya sehemu A yana alama 6 kila moja, manne ya sehemu B yana alama 10 kila moja. Ufaulu wa D unaanzia 30. Maswali matano tu ya sehemu A ukiyapata yote, umefika 30. Sita ya sehemu A na moja la sehemu B ni alama 46, nayo ni C.

Kwa hiyo huhitaji kuijua Hisabati yote kufikia Novemba. Unahitaji mada saba au nane uzijue hasa. Chukua fomati, muulize mwalimu wako mada zipi zinajitegemea, zisizokudai ujue nyingine kumi kwanza. Mimi si mwalimu wa Hisabati, ila niliokaa nao meza moja katika ofisi ya walimu walikuwa wakiwaanzishia watoto kama wewe na seti, takwimu, mfuatano na mfululizo, na matriki. Fanya maswali ya mada moja kutoka pepa za miaka sita mfululizo, yaani swali lilelile katika sura sita. Na onyesha njia siku zote. Anayeandika jibu tupu likawa kosa hana kitu. Anayeonyesha hatua anaokota alama njiani hata kama mwisho amekosea kujumlisha.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, Singida. Niliishia darasa la saba. Binti yangu yupo kidato cha nne, anasoma kwa Kiingereza na mimi sijui hata kinachosemwa. Nitamsaidiaje?

Marahaba mama. Unaweza kumsaidia kuliko unavyofikiri.

Kwanza, mpunguzie kazi. Nimefundisha wasichana wengi walioshindwa na ndoo za maji, masomo waliyaweza. Binti anarudi saa kumi na moja, anateka maji, anasonga ugali, anaosha vyombo, analaza wadogo, ndipo anafungua daftari saa nne huku anasinzia. Kaka yake yumo humo humo ndani, amekaa. Gaweni kazi hizo mpaka mtihani uishe. Hilo halihitaji Kiingereza, linahitaji mama aseme.

Pili, kila jioni mwambie akueleze kwa Kiswahili jambo moja alilosoma. Moyo unasukumaje damu? Kwa nini mvua inanyesha upande mmoja wa mlima na mwingine unakuwa mkavu? Wewe muulize maswali kama mtu asiyejua, maana ndiyo kweli, na usikubali jibu usilolielewa. Mtoto akiweza kukueleza wewe ukaelewa, ameelewa na yeye. Akibabaika, kesho atamuuliza mwalimu.

Tatu, nyumba iwe na kitu cha kusoma. Hata gazeti la wiki iliyopita analofungia maandazi muuzaji wa pale kwenu, mwombe akuuzie kabla hajalichana. Wewe mwenyewe soma, watoto wakuone. Darasa la saba lako linatosha kwa gazeti.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, mkoani Ruvuma. Tuna chumba cha maktaba na vitabu vizuri vya hadithi, vingi bado viko kwenye maboksi. Mlango unafungwa mwaka mzima. Mkuu wa shule anasema vikipotea wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, watamuuliza yeye. Wanafunzi hawasomi chochote zaidi ya notisi. Nifanyeje bila kugombana?

Mwalimu mwenzangu, barua yako nimeisoma mara mbili, na jambo hili limeniuma kuliko mengine yote ya mwezi huu.

Mtoto wetu anafundishwa kwa Kiswahili miaka saba, kisha Januari moja anakuta Biolojia, Jiografia, Fizikia na Historia vyote kwa Kiingereza. Tunampa wiki chache za kozi ya kumzoesha, halafu tunamwacha. Lugha hiyo haisikii nyumbani, haisikii njiani, anaikuta ubaoni tu, katika sentensi za kunakili. Miaka minne baadaye swali la Biolojia linamshinda wakati somo analijua, kwa sababu kitenzi kimoja katika swali hakijui. Tuliokuwepo tunakumbuka matokeo ya mtihani wa 2012, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipopata daraja sifuri, mpaka Serikali ikayafuta na kuagiza yapangwe upya. Watu walilaumu mtaala, wakalaumu walimu, wakalaumu fomula ya alama. Niliokuwa nawafundisha nilijua jambo moja kuhusu wao: wengi walikuwa hawajawahi kumaliza kitabu kimoja cha lugha yoyote.

Na dawa ya hilo imefungiwa kwenye chumba chenu. Naandika haya kwa uchungu, maana nimewaona watoto wakichungulia dirishani kwenye vyumba vya namna hiyo.

Sasa, kwa mkuu wako. Usimwombe maktaba. Mwombe vitabu arobaini, vyepesi, vya hadithi, vile ambavyo havimo kwenye mtihani wowote. Mwambie utavisaini wewe kwenye leja na jina lako litakuwepo. Mkuu wa shule anayeogopa wathibiti ubora anapumua akiona jina la mtu mwingine. Tafuta sanduku la bati lenye kufuli, vitabu vikae darasani kwa kidato cha kwanza au cha pili. Nasisitiza hao wadogo, kwa sababu kidato cha nne wamebakiwa na miezi, lakini wa kwanza wana miaka.

Chagua wanafunzi wawili wakutubi, na mmoja wao awe yule msumbufu mwenye nguvu ya kudai. Kuazima ni Ijumaa, kurudisha Jumatatu, daftari lina safu nne: jina, kitabu, kimetoka, kimerudi. Vitabu vifunikwe kwa karatasi ya mfuko wa saruji, ile ya ndani iliyo safi, inadumu miaka. Tulifanya hivyo Korogwe, na vitabu vilivyopotea vilikuwa vichache kuliko vile vilivyoliwa na mchwa kwenye stoo.

Halafu omba dakika ishirini baada ya chakula cha mchana, hata mara tatu kwa wiki. Kila mtu na kitabu chake, kimya, na wewe mwalimu mbele yao unasoma chako. Usisahihishe madaftari wakati huo. Wakikuona unasahihisha watajua kusoma ni adhabu ya watoto.

Nikuombe na hili: usiwape kazi ya kuandika muhtasari wa kila kitabu. Najua umezoea, na mimi nilifundishwa chuoni hivyo hivyo. Ukimdai mtoto dhamira na mafunzo ya kila hadithi, anatafuta kitabu chembamba. Muulize tu, ilikuwaje? Nani alikukera? Mwache asimulie kwa Kiingereza kibovu, kwa Kiswahili kilichochanganyika, mwache acheke. Maneno yataingia yenyewe. Asiyependa kitabu alichochukua akirudishe achukue kingine bila maelezo.

Baada ya muhula mmoja mwite mkuu wa shule aje asikilize dakika hizo ishirini. Usimpe takwimu. Mpe kiti na kitabu.

Niliacha shule kidato cha tatu kwa sababu ya ujauzito. Mtoto wangu sasa ana miaka mitatu, nauza nguo Kahama. Nataka kufanya mtihani wa kidato cha nne. Nimechelewa?

Hujachelewa mwanangu, na umenifurahisha sana.

Tangu Novemba 2021 Serikali iliruhusu waliokatiza masomo, wakiwemo waliopata ujauzito, kurudi katika shule za kawaida. Kwa mtu aliyekaa nje muda kama wako na mwenye biashara ya kuangalia, njia nyepesi zaidi ni Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, yenye ofisi mikoani na vituo vya masomo vinavyokwenda na muda wa mtu mzima. Nenda na matokeo yako ya upimaji wa kidato cha pili. Hayo ndiyo watakayouliza kwanza, kwa sababu asiye nayo kwa kawaida huanzia Mtihani wa Maarifa, ule wanaouita QT, ndipo ajiandikishe kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kama karatasi imepotea, kumbuka shule na mwaka, na namba ya mtahiniwa ukiweza.

Usajili wa mwaka huu umeshapita, kwa hiyo panga kwa mwaka ujao, na usajili hufunguliwa mapema mwanzoni mwa mwaka. Anza kuweka akiba ya ada ya mtihani sasa hivi, kando ya fedha za nguo zisichanganyike.

Kusoma usingoje kujiandikisha. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba yake ya mtandao, unaweza kuvisoma kwa simu hapo hapo kwenye biashara wateja wakipungua. Weka daftari moja chini ya meza ya nguo. Ukisoma kurasa mbili, funga simu, andika ulichokumbuka, kama nilivyomwambia binti wa Kilosa hapo juu. Anza na Kiswahili na Uraia, uone mkono unavyorudi, kisha ongeza Historia na Kiingereza. Ukishapata kituo, niandikie masomo watakayokupangia, nami nitakutajia mada za kuanza nazo.